Gari dogo lililotumika kwa dereva mpya: lipi la kwanza, lipi la kukimbia

Dereva mpya lazima ataligongesha gari mahali. Ukutani, kwenye nguzo, kwenye bampa la mtu wakati wa kupaki. Kwa hiyo anayemtafutia gari la kwanza aanze na mambo manne: ukiwa ndani unaona vizuri pande zote, breki zinashika, spea zinapatikana bila kusubiri meli, na hakuna kifaa kimoja ambacho kikifa kinameza nusu ya thamani ya gari. Kwenye magari madogo kifaa hicho karibu kila mara ni giaboksi. Ndiyo maana orodha yangu nimeipanga kwa kuangalia giaboksi kwanza, jina la kampuni baadaye.

Kuna manyuo, yaani gia za kubadilisha kwa mkono. Hapo kinachoisha ni klachi, na klachi fundi yeyote anaifunga. Kuna otomatiki ya kawaida yenye tokikonveta, kifaa kinachopitisha nguvu ya injini kwa oili badala ya klachi; giaboksi hii ukiibadilishia oili yake kwa wakati inaweza kuishi muda mrefu kama injini. Kuna CVT, isiyo na gia za kupanda na kushuka, bali mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. CVT iliyotunzwa ni tulivu na haili mafuta. Iliyonyimwa oili yake maalumu, au kuwekewa oili yoyote iliyokuwa dukani, huanza kutetemeka gari linapoondoka, kisha inakufa, na mara nyingi inabadilishwa nzima. Mwisho kuna giaboksi za roboti: manyuo inayobadilishwa na kompyuta, au ile ya klachi mbili. Kwa gari dogo la zamani linaloshinda kwenye foleni, hizi za roboti mimi siziamini.

1. Toyota Yaris, au Vitz

Jibu lisilo na mbwembwe. Jina Vitz lilitumika Japani kwa gari lilelile tangu 1999 hadi Toyota ilipoliacha na kubaki na Yaris mwaka 2020, hivyo spea za moja mara nyingi ni za nyingine. Toleo la 2005 ndilo ningeanzia: lilipata nyota 5 kwenye majaribio ya Euro NCAP, shirika la Ulaya linalogongesha magari kupima usalama wake, ya mwaka huohuo, na injini zake za petroli zinatumia cheni ya taimingi, ile inayoendesha vali za injini kwa wakati wake, si mkanda wa kubadilisha kila baada ya maelfu ya kilomita. Injini ya lita 1.0 ina silinda 3 na hutetemeka kidogo ikiwa imesimama. Huo si ugonjwa. Mlimani ukiwa na watu wanne utaomba subira, kwa hiyo mwenye safari ndefu atafute ya 1.3 au 1.5.

Kasoro yake ya kweli ni bei. Kila mtu analijua, kila mtu analitaka, na wauzaji wanauza jina hata kama gari lenyewe limechoka. Yaris iliyopigwa na kupakwa rangi upya haina faida yoyote kuliko gari la kampuni isiyosifika lenye mmiliki mmoja na kumbukumbu za sevisi. Yale ya Ulaya yenye giaboksi ya roboti iitwayo MultiMode, pita.

2. Mazda2, au Demio

Hili hudharauliwa bila sababu. Toleo la 2007 lilikuwa jepesi kwa takriban kilo 100 kuliko lililotangulia, na mwaka 2008 likatajwa Gari la Mwaka la Dunia. Toleo la 2014 ndilo linalonivutia zaidi, kwa sababu wakati wenzake wengi walikuwa wamehamia CVT, Mazda ilibaki na otomatiki ya kawaida ya gia 6. Kwa mtu asiyetaka manyuo, sioni gari dogo lenye giaboksi bora zaidi kwa umri huo.

Chukua ya petroli. Ya dizeli ya lita 1.5 inakusanya masizi kwenye njia za hewa na kwenye kichujio cha moshi ikiendeshwa safari fupifupi, na dereva mpya hasa huendesha safari fupifupi. Kiti cha nyuma ni kifinyu. Abiria warefu watalalamika.

3. Suzuki Swift

Kuanzia toleo la 2004, injini zake ni za cheni, hazina makuu, na ya manyuo inafurahisha kujifunzia kwa sababu klachi ni laini na gari ni fupi. Nimeishusha hadi nafasi ya tatu kwa sababu moja: kioo cha nyuma ni kidogo na nguzo za pembeni ni nene, kwa hiyo kurudi nyuma ni kazi. Funga kamera ya nyuma na malalamiko mengi yanaisha. Buti nalo ni dogo.

4. Honda Fit, au Jazz

Kwa nafasi ya ndani, hili lingekuwa la kwanza. Tangi la mafuta liko chini ya viti vya mbele, ndiyo maana viti vya nyuma vinalala sakafuni kabisa, na sehemu ya kukalia ya viti hivyo inainuka juu ukapakia hata baiskeli. Vioo ni vikubwa na unaona kila kona.

Lakini inategemea sana ni Fit ipi. Ya kwanza, iliyotoka 2001, ina CVT inayojulikana kwa kutetemeka inapoondoka. Mara nyingine oili halisi ya Honda inaitibu, mara nyingine haiitibu. Injini yake ya 1.3 ina plagi 8, mbili kwa kila silinda, na mafundi wengine hubadilisha zile 4 za mbele tu kwa sababu ndizo zinazofikika. Hybrid (ya petroli na umeme) ya 2013 ilikuja na giaboksi ya klachi mbili iliyofanya Honda iyaite magari hayo mara kadhaa kwa marekebisho ndani ya 2013 na 2014. Ukipata Fit ya kati, ya 2007 na kuendelea, yenye manyuo au CVT yenye kumbukumbu za oili, usisite.

5. Hyundai i10 na Kia Picanto

Ndugu wa tumbo moja. Haya ni ya mjini: mepesi, mafupi, na kwa kawaida ya mwaka wa karibuni zaidi kwa pesa ileile. Uliza swali moja tu kwanza: injini ni ipi? Zile za zamani za 1.1 zina mkanda wa taimingi, na mkanda ukikatika injini inaharibika. Kama muuzaji hana ushahidi kwamba ulibadilishwa, hesabu kwamba haukubadilishwa na upunguze bei. Za Kappa zilizofuata zina cheni.

6. Volkswagen Polo

Ndilo gari zuri zaidi kuendesha humu, na toleo la 2009 lilipata tuzo kila upande. Ninaliweka hapa kwa sababu ya giaboksi ya DSG, ya klachi mbili, yenye gia 7 na klachi kavu, ambayo kompyuta yake ya kuongozea hufa kwa gharama kubwa, na kwa sababu injini za 1.2 TSI za mwanzo zilikuwa na tatizo la cheni kulegea. Polo ya manyuo yenye injini ndogo isiyo na tabo ni hadithi tofauti, na ningeipandisha hadi nafasi ya nne.

Ya kukimbia

Ford Fiesta yenye giaboksi ya PowerShift, nayo ya klachi mbili. Mwaka 2018 mahakama ya Australia iliitoza Ford faini ya dola milioni 10 za nchi hiyo kwa jinsi ilivyowashughulikia wateja waliolalamikia giaboksi hiyo. Fiesta ya manyuo haina kesi hiyo. Nissan Micra, au March, yenye CVT nayo naiacha, isipokuwa mmiliki ana karatasi zote za oili.

Usalama haufuati jina

Mwaka 2014 Global NCAP, shirika la kimataifa la kupima usalama wa magari, iligongesha magari madogo yaliyouzwa India. Polo isiyo na mifuko ya hewa ilipata sifuri. Polo yenye mifuko miwili ikapata nyota 4. Kwa hiyo usiniambie gari fulani ni salama. Niambie hili lililo mbele yako lina nini. Kwa dereva mpya ninataka mifuko ya hewa, ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki kwa nguvu, na ESC, mfumo unaolishikilia gari linapoanza kuteleza kwenye kona. Umoja wa Ulaya uliulazimisha ESC kwa magari yote mapya kuanzia Novemba 2014, lakini gari la soko jingine la mwaka uleule laweza kuwa halina.

Washa swichi na uangalie dashibodi: taa ya mifuko ya hewa lazima iwake kisha izime. Isipowaka kabisa, kuna aliyeificha. Kisha chukua namba ya chesisi uitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama gari liliitwa kwa sababu ya mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, ambayo hulipuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma. Toyota, Honda, Mazda na Nissan wote waliguswa, na mtengenezaji hubadilisha bure.

Siku ya kwenda kuliona

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Injini iliyopashwa moto inaficha mengi. Ikiwaka baridi, sikiliza sekunde za kwanza: cheni iliyolegea inapiga kelele hapo. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, mweupe usioisha ni maji yanayoingia kwenye silinda.

Liendeshe angalau nusu saa, maana CVT mbovu hujionyesha ikishapata joto. Kilomita kwenye dashibodi zilinganishe na pedali: mpira wa pedali ya breki uliolika hadi chuma hauendani na kilomita elfu 40. Vuta mkanda wa usalama hadi mwisho wake. Mstari wa matope au ukungu huko ndani ni dalili ya gari lililozama kwenye maji. Kwenye tairi soma tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi zenye miaka 10 ni za kutupa hata kama meno yamejaa.

Muuzaji anayekataa usije na fundi wako anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Fundi aje na skana, na aangalie pia kama hitilafu zilifutwa muda mfupi kabla hamjafika; kompyuta ya gari huonyesha kwamba vipimo vyake havijakamilika.

Usimalizie pesa yote kwenye kununua. Oili ya injini, ya giaboksi, maji ya breki na vichujio vibadilishwe wiki ya kwanza, hata kama muuzaji anaapa kwamba alibadilisha juzi.