Uzoefu wangu na DataTables: siku keshia alipodhani mauzo yamefutika

Nina mteja mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Nilimtengenezea mfumo wa mauzo unaofunguka kwenye kivinjari, na asilimia kubwa ya kazi inafanyika kwenye jedwali moja: tarehe, risiti, mteja, simu, bidhaa, kiasi, hali ya malipo. Mwanzoni nilimwekea kisanduku cha kutafutia nilichokiandika mwenyewe, mistari kama 20 ya JavaScript, lugha ya programu za kivinjari. Mauzo yalipovuka 8,000 kikaanza kunitia aibu. Unaandika "saruji", ukurasa unaganda, unabaki kukodolea macho. Ndipo nikahamia DataTables.

Kwa asiyeijua, ni programu-jalizi ya jQuery (maktaba ya JavaScript) inayoyapa majedwali ya wavuti uwezo wa kutafuta na kupanga, iliyoanzishwa na Allan Jardine. Inatolewa kwa leseni ya MIT, hulipii. Kinacholipiwa ni nyongeza yake iitwayo Editor, ya kuhariri data humohumo kwenye jedwali, nami sijaihitaji. Natumia toleo la 2, lililotoka 2024.

Kuiwasha ni mstari mmoja wa msimbo, na kisanduku cha kutafutia kinakuja chenyewe. Maneno hayahitaji mpangilio: andika "nondo juma" na unapata mauzo ya nondo kwa Juma, ingawa bidhaa na mteja wako kolamu tofauti. Ukitaka maneno yafuatane, yafunge kwa alama za nukuu. Ukitanguliza alama ya mshangao, unaliondoa neno, kwa hiyo "saruji !deni" inakupa saruji isiyo na deni. Bosi nilimwonyesha mara moja tu, akawa anawaringia wenye maduka jirani.

Mpaka alipokuja kulalamika kwamba akiandika "deni" anapata watu waliokwisha lipa. Nikaangalia: wateja wote wanaoitwa Denis walikuwa wamejaa pale. Kumbe na ile "saruji !deni" yake ilikuwa inawafukuza haohao muda wote, wala hakuna aliyegundua. Kisanduku kile kinatafuta popote na hata ndani ya neno. Hali ya malipo inataka kichujio cha kolamu yake, mtu achague, asiandike.

Kwa hilo nikaongeza SearchPanes, nyongeza ya DataTables. Inakupa vibao vya kubofya juu ya jedwali, na kila chaguo lina idadi yake pembeni, kwa mfano Deni 431. Dada wa kaunta alikielewa kabla sijamaliza kueleza. Mimi ndiye nilipoteza nusu siku nikijiuliza kwa nini kibao cha majina ya wateja hakitokei. Nilipotulia nikasoma maelezo, nikakuta ni makusudi: kolamu ambayo mistari yake mingi ina vitu tofauti haiwekewi kibao, na kiwango cha kawaida ni 0.6, yaani vitu tofauti vikizidi asilimia 60 ya mistari. Ina mantiki, nani atashuka orodha ya maelfu ya majina? Kwenye simu vibao vinarundikana vikasukuma jedwali chini, hivyo nimevificha nyuma ya kitufe. Nyongeza nyingine, SearchBuilder, nayo ipo, ya kujipangia masharti ya "na" na "au". Mhasibu anaipenda. Kaunta hakuna aliyewahi kuigusa.

Namba za simu zilinichosha zaidi. Mmoja kaandikwa 0712, mwingine +255712, mwingine kaachiwa nafasi katikati, yaani kila keshia na mtindo wake. Ukitafuta 0712 unawapata nusu. Dawa niliyoitumia ni data-search: kila seli ya jedwali inaweza kubeba maandishi ya kutafutwa ambayo si yale yanayoonekana. Humo nikaweka namba kwa sura zote mbili, ya sifuri na ya 255, bila nafasi. Tarehe nazo nikazipa data-order, thamani ya kupangia isiyoonekana, la sivyo zinapangwa kama maneno na 02/11 ya Novemba inatangulia 15/03 ya Machi.

Sasa lile tukio. Nilikuwa nimewasha mpangilio wa stateSave ili jedwali likumbuke mtu alipoishia. Kwa kawaida linakumbuka kwa saa 2. Asubuhi dada wa kaunta akachagua Deni, akaandika jina la mteja, akahudumia, akafunga. Akaenda kula. Kurudi, akafungua na kukuta mistari mitatu.

"Kaka, mauzo yamefutika!"

Nilipanda bodaboda. Njiani nikaanza kujiuliza nakala ya mwisho ya data niliihifadhi lini. Kufika, jina la mteja lilikuwa bado limekaa kwenye kisanduku, na chini ya jedwali kulikuwa na maneno madogo ya kijivu yaliyoeleza kila kitu, kwa Kiingereza. Niliyaacha bila kuyatafsiri mwenyewe, wakati mahali pa kuweka Kiswahili papo tu kwenye mipangilio.

Jioni ileile nikatoa utafutaji kwenye vinavyohifadhiwa, nikabakiza idadi ya mistari kwa ukurasa. Kichujio chochote kikiwa kazini, juu ya jedwali unatokea ukanda wa njano: "Unaona 3 kati ya 8,412, nyingine zimefichwa na kichujio", pamoja na kitufe kikubwa cha "Onyesha zote". Ukanda huo nimeuandika mwenyewe. Ningeuweka tangu siku ya kwanza ningeokoa nauli ya bodaboda.

Data ikizidi kukua nitahamishia utafutaji kwenye seva, badala ya kufanyika ndani ya kivinjari. Huko DataTables inasubiri milisekunde 400 kati ya maombi ili isiirushie seva ombi kwa kila herufi, na kwa intaneti yetu hilo ni jambo la maana.

Nimeipa nyota nne. Ya tano ningeipa kama nisingelazimika kubeba jQuery kwa ajili yake tu. Mohamed, Muhammad na Mohammed bado kwake ni watu watatu, ila hapo sina wa kumlaumu. Siku hizi dada wa kaunta hamwulizi mteja jina kabisa. Anasema, "Nitajie namba ya simu," anaandika tarakimu nne za mwisho, na risiti iko pale.