XCub kwenye Flight Simulator: miezi 3 ya kujifunza kutumia miguu

Nina miezi 3 na Microsoft Flight Simulator, ule mchezo wa kurusha ndege, na karibu muda wote nimerusha XCub tu, ile ndege ndogo yenye gurudumu la tatu mkiani. Nimekulia Voi, zile Super Cub za doria ya Tsavo ndo zilinitia ugonjwa wa ndege tangu utotoni, kwa hiyo sikutaka kuanza na nyingine.

Kwanza zima ule usaidizi wa mchezo unaokanyaga pedali badala yako, zile za miguu zinazopeleka pua kushoto au kulia. Ukiuacha ndege inanyooka yenyewe na hujifunzi kitu. Mimi nilizima, nikasukuma gesi yote mara moja, pua ikakimbilia kushoto, nikakanyaga kulia nikazidisha, ikazunguka kama pia palepale kwa lami. Yaani hizi ndege uzito uko nyuma ya magurudumu makubwa, zikipinda kidogo tu mkia unataka kuja mbele na ukisubiri uone kwa macho ushachelewa.

Kilichonisaidia ni pedali. Kabla ya hapo nilitumia joystick tu, fimbo ya kuongozea, na yangu inazungushwa badala ya pedali, mkono huohuo unavuta, unalaza bawa na bado unazungusha, na upepo ukija ubavuni unachanganyikiwa kabisa. Nikapata pedali used, nikaanza upya: kanyaga achia, kanyaga achia, kidogokidogo, mpaka ndege isimame kabisa, kugusa chini bado hujamaliza kutua. Na kwa vile pua inaziba mbele, macho yaweke kwenye kingo mbili za lami, zikilingana umenyooka.

Kutua nafanyia Malindi, pwani chini kabisa, manake uwanja wa Wilson kule Nairobi uko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, injini inachoka, lazima upunguze mafuta kwenye mchanganyiko wa mafuta na hewa kabla ya kupaa na bado utakula lami ndefu. Ukishakuwa karibu na chini kata gesi, izuie isiguse, endelea kuvuta fimbo polepole hadi magurudumu yote matatu yashuke pamoja, halafu usiiachie fimbo, ibaki tumboni.

Kitu ambacho skrini haiwezi kukupa ni kiti. Rubani kwenye ndege halisi anausikia mkia ukiteleza kwa makalio kabla hajauona, hapa unategemea macho tu, kwa hiyo mwalimu bado utamhitaji. Lakini miguu yangu imeamka. Jana nimeweka upepo wa ubavuni kilomita 18 kwa saa, nimetua mara 6 mfululizo bila kutoka lami, nikaenda kulala saa nane usiku na furaha tele. Kama hela ni kidogo nunua pedali kwanza, skrini kubwa ingoje.