Vipindi vya kubadilisha mwonekano: uzoefu wangu wa kuvitazama na watoto

Nyumbani kwetu runinga ni moja na iko sebuleni. Ninachotazama mimi, wanatazama wote: binti yangu wa miaka 14, mdogo wake wa kiume wa miaka 11, na mama mkwe wangu anapokuwa amekuja. Vipindi vya kubadilisha mwonekano tumevitazama pamoja kwa muda mrefu, vya Marekani na vya Uingereza. Wazazi wengi ninaozungumza nao huviruhusu bila kufikiri mara mbili, kwa kuwa havina bunduki wala damu. Ni watu wananunua nguo na kukatwa nywele. Mimi nimefika mahali pa kuvichagua kimojakimoja, na kinachonifanya niruhusu au nizime si urefu wa sketi. Naangalia kama yule anayebadilishwa alitaka mwenyewe, na wanamsema vipi kabla hajabadilika.

Tulichokitazama zaidi ni What Not to Wear ya Marekani, iliyorushwa na kituo cha TLC kuanzia 2003 hadi 2013. Watangazaji tuliowazoea ni Stacy London na Clinton Kelly. Utaratibu wake haubadiliki: ndugu au marafiki wanampendekeza mtu, anarekodiwa kwa kamera za siri, halafu siku moja watangazaji wanamtokea ghafla mbele ya watu. Anaahidiwa dola 5,000 za kununua nguo New York, kwa sharti la kuziacha nguo zake za zamani. Zinatupwa kwenye pipa moja baada ya nyingine huku yeye anaona.

Nianze na mazuri, maana yapo. Kipindi hiki kimewafundisha wanangu mambo ya mavazi ambayo mimi sikujua kuyaeleza. Nunua nguo inayoenea sehemu yako pana zaidi, kisha mpelekee fundi apunguze kwingine. Kiuno kinabanwa, upindo unapandishwa, mikono inafupishwa. Mabega ndiyo yanayomsumbua fundi, kwa hiyo yaangalie kabla hujalipa. Baada ya hapo kijana wangu alitoa shati lake jipya, akalivaa mbele ya kioo na kuweka kidole kwenye mshono wa bega. Ulikuwa umeteremka chini ya mfupa, karibu upana wa vidole viwili. Akasema, "Mama, hili si langu, ni la mtu mkubwa." Alikuwa sahihi. Tulilirudisha dukani.

Nimependa pia kwamba London na Kelly huwaambia watu waupambe mwili walio nao leo, wasingoje wapungue kwanza. Mtoto wa kike wa miaka 14 anahitaji kulisikia hilo kutoka kwa mtu mwingine zaidi ya mama yake.

Kinachoniumiza ni sehemu ya kwanza ya kipindi. Kuna chumba kidogo chenye vioo pande zote. Mtu anaingia akiwa amevaa nguo anazozipenda, anaanza kuzieleza kwa furaha, halafu watangazaji wanaingia na kuanza kuzichambua kwa mzaha: hii inakupa tumbo usilokuwa nalo, ile ni ya kulalia. Siku moja binti yangu aliniuliza, "Mama, mbona yule dada anacheka na macho yana machozi?" Nilisimamisha kipindi. Tulizungumza kuhusu watu wanaocheka ili wasionekane wameumia, naye akanitajia mwenzake shuleni anayefanyiwa hivyo hivyo kwa sababu ya viatu vyake. Ningekuwa jikoni wakati ule, somo ambalo angelipata ni kwamba kumsuta mtu kwa mavazi yake ni burudani, na kwamba mwishoni atakushukuru. Maana ndivyo vipindi hivi vinavyomalizika: aliyesutwa analia kwa furaha na kuwakumbatia waliomsuta.

Toleo la asili la Uingereza, lililoanza BBC Two mwaka 2001 na Trinny Woodall na Susannah Constantine, ni kali zaidi. Wale wawili wanasema wazi bila kuzunguka, na mara nyingine wanamshika mwanamke matiti ili kumwonyesha sidiria imekaa vibaya. Ushauri wao kuhusu sidiria ni wa maana, wanawake wengi wanavaa saizi isiyo yao. Lakini sitaki watoto wangu wazoee kuona mtu mzima akiguswa mwili mbele ya kamera kabla hajaulizwa.

Kuna vingine nimeviondoa kabisa. Extreme Makeover ya kituo cha ABC cha Marekani, iliyoanza 2002, na The Swan ya kituo kingine cha huko, Fox, ya 2004, si vipindi vya nguo, ni vya upasuaji wa urembo. Kwenye The Swan wanawake walikaa miezi mitatu bila kujiona kwenye kioo, wakapasuliwa nyuso na miili, kisha wakashindanishwa uzuri. Sijui nimwambie nini mtoto baada ya hapo. 10 Years Younger ya Channel 4, kituo cha Uingereza, iliyoanza pia 2004, inamweka mtu hadharani huku wapita njia wakikisia umri wake, na katika misimu ya mwanzo dawa ya kuonekana mzee ilikuwa visu na sindano. Mama mkwe wangu aliitazama kidogo, akasema, "Kwani kuzeeka ni kosa?" akaomba tubadilishe. Nikabadilisha.

Kilichonishangaza kwa wema ni How to Look Good Naked ya mshauri wa mavazi Gok Wan, iliyoanza Channel 4 mwaka 2006. Jina lake, yaani namna ya kupendeza ukiwa uchi, litamfanya mzazi yeyote azime kabla hakijaanza, na kweli kuna chupi, sidiria na picha za utupu, kwa hiyo kijana wangu hajakitazama. Binti yangu nilimchagulia sehemu moja. Wanawake wanasimama kwenye mstari kuanzia mwembamba hadi mnene, na mshiriki anaambiwa ajiweke anapodhani ni mahali pake. Karibu kila mara anajipeleka upande wa wanene kuliko alivyo. Binti alinyamaza, halafu akaniuliza mimi ningesimama wapi. Nilimjibu, naye akasema nimejiongezea. Mazungumzo yale yalitupeleka mbali kuliko nasaha zote nilizowahi kumpa kuhusu mwili wake. Na humo hakuna upasuaji. Wan anafanya kazi na nguo, nywele na maneno ya kumtia mtu moyo.

Wanaosema runinga haina nguvu ya kubadilisha namna mtoto anavyouona mwili wake wasome habari za Fiji, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki. Mtafiti Anne Becker alichunguza wasichana wa shule katika eneo la Nadroga mwaka 1995, runinga ilipokuwa ndiyo kwanza inaingia, akarudi 1998. Wenye dalili za matatizo ya ulaji, kama kujinyima chakula ili wakonde, walikuwa asilimia 12.7 mara ya kwanza, na asilimia 29.2 mara ya pili. Ni utafiti mdogo, wa wasichana sitini na kitu kila mara, na ulihusu runinga kwa jumla, si vipindi hivi. Lakini kule mwili ulionenepa vizuri ulikuwa sifa, na wasichana wakaanza kusema wanataka kufanana na wale wa kwenye runinga.

Queer Eye ya Netflix, iliyoanza 2018, ndiyo inayoniridhisha kwa namna inavyomtendea mtu. Tan France, anayeshughulikia mavazi, humuuliza mtu anaishi vipi na anafanya kazi gani kabla ya kugusa kabati, na mara nyingi anamwachia anachokipenda na kumwonyesha namna ya kukivaa. Mzazi ajue mapema kwamba matusi yanapita, na kwamba watangazaji wanazungumza waziwazi kuhusu kupenda watu wa jinsia yao. Kila nyumba ina namna yake ya kulizungumza hilo. Mimi nilizungumza na wangu kabla ya kuwasha.

Jambo la mwisho ni pesa. Watoto wanaona mtu anapewa dola 5,000 za kununua nguo, na wanaanza kuamini kwamba bila mkoba mnene huwezi kupendeza. Kwetu tumezoea kuuliza, kipindi kikiisha, ni kipi kati ya tulivyoviona kingewezekana kwa nguo zilizomo kabatini na fundi mwenye cherehani. Kwa kawaida ni zaidi ya nusu.

Chini ya miaka 10 nisingewawekea watoto chochote kati ya hivi, hata kilicho chepesi, maana mtoto mdogo anabeba maneno ya kejeli na kuyapeleka shuleni kesho yake. Kuanzia hapo ningeanza na What Not to Wear ya Marekani, mzazi akiwa amekaa palepale na rimoti mkononi, tayari kusimamisha wakifika kwenye chumba cha vioo.