F-5 ya kuunganisha mwenyewe: ndege safi, ila Kenya haimo kwenye boksi

Nimemaliza kuunganisha F-5E ya plastiki, mfano wa ndege ya kivita kwa kipimo cha 1/72 (yaani mara 72 ndogo kuliko ndege halisi), niliyoagiza mtandaoni kwa shilingi 3,800 pamoja na nauli ya mzigo hadi Nanyuki. Naipa nyota tatu na nusu. Ndege yenyewe ingepata nne na nusu, ila stika na gundi zimeiangusha.

Niliitaka kwa ajili ya marehemu Jenerali Francis Ogolla, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi ya Kenya. Muuzaji alinishauri nichukue helikopta ya Huey kwa sababu "ndiyo ile ya ajali." Nikakataa. Ile helikopta ilimbeba kama abiria tarehe 18 Aprili 2024, alipokuwa ametoka kuwatembelea wanajeshi na kukagua shule zilizokuwa zikikarabatiwa kule North Rift, ikaanguka Sindar, Elgeyo Marakwet, akafa pamoja na wenzake tisa. Nikiiweka hiyo kwenye rafu yangu, kila mtu akiiona atauliza habari za ajali. Mimi nataka waulize habari za rubani.

Na rubani alikuwa. Alijiunga na jeshi Aprili 1984, hata miaka miwili haijaisha tangu jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 lililoongozwa na wanajeshi wa anga, wakati Jeshi la Wanahewa lilikuwa limevunjwa na kupewa jina jingine. Si wakati ambao mtu angejivunia sare hiyo. Akafunzwa na Jeshi la Anga la Marekani kurusha ndege za kivita, akawa mwalimu wa marubani hapa nyumbani, akapanda hadi kamanda wa Jeshi la Wanahewa mwaka 2018, na Mkuu wa Majeshi mwaka 2023. Alikuwa amesomea pia uchunguzi wa ajali za ndege. Hilo ndilo huwa linanichoma.

F-5 ndiyo ndege ya kivita ya Kenya tangu 1978, na sisi tuliokulia Nanyuki hatuhitaji kuelezwa. Zikipaa kutoka kituo cha Laikipia, mwalimu wetu alikuwa anasimama na chaki hewani akingoja kelele ipite, kisha anaendelea na sentensi pale pale alipoiachia.

Sasa boksi. Vipande vimekaa kwenye fremu tatu za plastiki ya kijivu, na moja ya vioo. Vimechongwa vizuri sana: mistari ya mabati ya mbavuni inaonekana, matundu mawili ya mizinga puani yapo, na mabawa ni mafupi na membamba vile vile inavyotakiwa. Ikikamilika ina urefu wa sentimita 20 na upana wa 11 na kidogo. Watu huishangaa kwa udogo wa mabawa wakidhani nimekosea. Hapana, F-5 ndivyo ilivyo, pua ndefu na mabawa ya mita nane tu kutoka ncha hadi ncha.

Kioo cha rubani kilikuja na mkwaruzo. Gundi ilikuwa imeganda kwenye tyubu yake, kwa hiyo panga kununua nyingine. Maelekezo ni michoro mitupu, yanaeleweka, isipokuwa hatua ya magurudumu ya nyuma ambapo mshale unaelekeza pasipo na kitu. Na hawakuambii utie uzito puani kabla ya kufunga mwili. Tia. Mimi nilitumia risasi mbili za kuvulia samaki, la sivyo ndege inakaa mkia chini.

Kazi yangu ni kupamba kucha, na hapa dada zangu wa saluni nisikilizeni: asetoni isikaribie plastiki hii, inaiyeyusha. Rangi ya kucha pia usiipake, ina vimumunyisho vinavyoweza kuiharibu plastiki. Lakini brashi za kuchorea maua na kile kijiti cha nukta ni dhahabu. Hivyo ndivyo nilivyochora alama ya Kenya, kwa sababu boksi lina stika za Marekani na nchi nyingine mbili, basi. Ile miduara ya rangi za bendera, nyeusi, nyekundu, kijani na nyeupe, niliichora kwa mkono kwa rangi ya akriliki. Kwenye mwili ilitoka vizuri. Bawa la kushoto, usiangalie kwa karibu. Stika nilizojaribu kutumia, zile ndogo za maandishi ya tahadhari, nusu zilikatika kwenye maji kabla hata sijazigusa.

Wangetoa F-5F ya viti viwili ningelipa zaidi. Ogolla alikuwa mwalimu, na mwalimu hukaa kiti cha nyuma.

Kuna waliouliza kwa nini nisinunue zile za chuma zenye stendi ya mbao na kibao cha jina, za elfu kumi na kwenda juu. Ni nzuri. Lakini Ogolla ni mzee aliyeagiza azikwe upesi na bila jeneza, na tarehe 21 Aprili, siku tatu baada ya ajali, ndivyo alivyozikwa kwao Alego, Siaya, Mkuu wa Majeshi mzima. Mimi sitamwekea kibao cha shaba. Plastiki niliyoibandika mwenyewe, bawa moja likiwa na duara lililopinda, inatosha.

Kwa mtoto chini ya miaka kumi na miwili singependekeza, vipande vingine ni vidogo kuliko punje ya mchele na utavitafuta kwenye zulia. Kwa mtu mzima mwenye mkono mtulivu, nunua, ila bajeti yako iwe kama elfu tano ukiongeza gundi, msasa na rangi. Na wewe muuzaji, ukiagiza shehena nyingine tafuta mtu akuchapishie stika za Kenya. Sisi wa Nanyuki peke yetu tutazimaliza.