Terabaiti nyingi, mlango mwembamba

Nilitua Wuhan kusoma uhandisi Septemba 2013, nikakuta nafasi ya kuhifadhi mafaili mtandaoni inagawiwa kama pilau la maulidi. Wachina huziita huduma hizi wangpan, diski ya mtandaoni. Mwezi mmoja tu kabla, kampuni ya Baidu ilikuwa inatoa terabaiti 2 bure, Tencent ikajibu kwa 10, Qihoo 360 ikapaa mpaka 36. Laptopu yangu yote ilikuwa na gigabaiti 320, hata theluthi ya terabaiti moja haifiki! Nikajiunga usiku ule ule.

Wanazitoa wapi? Nilianza kuelewa siku nilipopakia filamu ya gigabaiti 2 ikaisha kabla sijakaa vizuri kitini. Programu haikimbilii kulipandisha faili. Kwanza hulitengenezea alama, mfano wa alama ya kidole, kisha huiuliza seva: hili unalo? Kama kuna mtu amekwisha kuliweka, na wewe unaandikiwa kwamba ni lako, basi. Filamu moja, wenyewe maelfu. Video ya harusi ya dada yangu, ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo, ilikesha ikipanda hadi asubuhi.

Mwaka 2016 karamu ikaisha. Serikali ilikuwa inasaka picha za ngono na kazi za watu zilizonakiliwa kwa wizi zilizojazwa humo, na kuhifadhi mafaili ya watu bure kulikuwa hakuingizi hela. Kingsoft na Sina zikatangaza kufunga, na mwezi Oktoba, Qihoo 360 nayo ikasema inaacha huduma ya watu binafsi. Niliyokuwa naitumia mimi siitaji jina. Ilinipa miezi michache nihame, nami nikahamisha miaka mitatu ya maisha yangu kwa intaneti ya bweni.

Nilikohamia, nako sikutaji, kupakia kulikuwa raha. Kushusha bila kulipia uanachama sasa! Kilobaiti 100 kwa sekunde, siku nyingine pungufu. Ghala lako, mzigo wako, ila unautoa kwa kijiko. Ndiyo maana Alibaba ilipofungua wangpan yake, Aliyun Drive, kwa umma Machi 2021 na kuahidi kutobana kasi hata kwa asiyelipa, nilijaribu siku hiyo hiyo, na kweli mafaili yalishuka kwa kasi yote ya laini yangu. Novemba mwaka huo kampuni kadhaa, Baidu ikiwemo, zikatia saini makubaliano ya kumpa mtumiaji wa bure kasi ya kumtosha kwa mahitaji ya kawaida.

Kwa anayeishi Uchina ningesema chukua, hasa kwa vitabu na mafaili ya kupeana darasani: unatuma kiungo na herufi nne za kufungulia, umemaliza.

Mimi nilirudi Dar es Salaam 2022. Laini yangu ya Kichina ilikufa, na kila nikibadilisha simu naambiwa nijaze namba za uthibitisho zilizotumwa kwa meseji. Nilikuwa nimeshaunganisha akaunti na laini ya rafiki yangu aliyebaki Wuhan. Saa tano usiku hapa, kule ni saa kumi alfajiri. Wiki iliyopita alinitumia zile tarakimu sita kwa WeChat, chini yake akaandika: "Kaka, nenda Kariakoo ukanunue diski."

Nimeinunua, ya terabaiti 1. Video ya harusi ndiyo inashuka sasa hivi.