TAHADHARI: Muuza mitetea "iliyochanjwa" Tanga, kuku wake wana homa ya matumbo

Assalamu alaykum wafugaji wenzangu wa Tanga mjini, Pongwe mpaka Muheza.

Leo asubuhi nimefukia kuku wa 47. Kuna kijana anauza mitetea ya mayai ya wiki 16 kwa Sh 14,000, wakati wengine wote niliowauliza wanataka 18,000. Nawaomba msinunue kwake. Jina na namba yake nimeviacha polisi pamoja na miamala ya simu. Hapa naeleza namna anavyofanya, mumtambue hata akibadilisha laini.

Hakubali ufike bandani. Mimi aliniambia wageni wanaleta magonjwa, na kwa kuwa hilo ni kweli, nikamwamini. Akataka arubuni nusu. Kuku 120 akawashusha Kange saa mbili usiku wakiwa kwenye matenga, na kwa giza lile huwezi kuona rangi ya kinyesi wala ya upanga wa kichwani. Kadi ya chanjo alinipa: mdondo, gumboro, ndui, homa ya matumbo, zote kwa mwandiko mmoja na wino mmoja, bila namba ya toleo la chanjo hata moja. Akaniachia na pakiti ya "vitamini ya safari" niwape kwenye maji siku tatu.

Siku hizo tatu walikula vizuri. Siku ya tano nikakuta wawili wamekufa, kesho yake sita. Waliobaki wamejikunyata, manyoya yamesimama, upanga umepauka, kinyesi cha njano kinachoelekea kijani kimegandia nyuma. Nikampigia. Alikuja jioni ileile, mwepesi kuliko alivyoleta kuku, na mfuko wa nailoni wenye unga mweupe usio na lebo: Sh 15,000 pakiti, "unatibu mdondo, kuhara damu na homa ya matumbo". Nilinunua pakiti nne.

Ndugu zangu, dawa ya namna hiyo haipo. Mdondo ni kirusi, hauna dawa, una chanjo tu. Kuhara damu kunaletwa na koksidia, vimelea vidogo vya utumbo, na kuna dawa zake mbali. Homa ya matumbo ya kuku ni bakteria, Salmonella Gallinarum (msiichanganye na taifodi ya binadamu, ni vimelea tofauti). Anayekuuzia unga mmoja kwa yote matatu hajui ugonjwa, au anaujua na anakuibia.

Afisa mifugo wa kata alipasua watatu mbele yangu. Ini limevimba, lina rangi ya shaba yenye ukijani, bandama kubwa. Tukapeleka sampuli maabara ya TVLA (Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania) hapahapa Tanga. Wakaotesha, wakathibitisha, na wakapima ni antibayotiki ipi bado inawaua bakteria hao. Ndiyo ninayotumia sasa, na mayai siuzi mpaka siku alizoniandikia afisa ziishe.

Afisa alinionyesha jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Yule kijana alijitapa kwenye simu kwamba aliwachanja homa ya matumbo wiki ile ile waliyokuwa kwenye antibayotiki. Chanjo hiyo, ile inayoitwa 9R, ni bakteria hai waliopunguzwa makali. Ukimpa kuku antibayotiki siku hizohizo, unaiua chanjo yenyewe. Kwa hiyo ama hakuchanja, ama alichanja bure. Na "vitamini" ile nadhani ilikuwa antibayotiki ya kuufunika ugonjwa mpaka fedha imalizike kulipwa.

Linaloniumiza zaidi ni hawa 73 waliobaki. Kuku aliyepona homa ya matumbo anaonekana mzima, anataga, lakini anaendelea kubeba bakteria na kuwatoa kwenye kinyesi, na hupita mpaka ndani ya yai, kifaranga akaanguliwa nao. Juzi mama mmoja wa Mabawa alitaka 20 kwa bei nzuri. Nimemkatalia. Nashuku ndivyo kijana huyu anavyopata mzigo: ananunua mabaki ya mabanda yaliyopigwa na ugonjwa, anawapa dawa siku chache, anawaleta kwetu.

Kama ulishanunua kwake, usichanganye na kuku wako wa zamani. Viatu vya banda hilo vibaki hapo, trei na magunia yasiazimwe, panya wadhibitiwe, wanaokufa wafukiwe chini sana na chokaa, wasitupwe jalalani mbwa wakawasambaza. Mwite afisa mifugo kabla hujanunua dawa yoyote.

Tangu jana ameanza tena kutuma picha: mitetea ya kahawia, vinyweshea vya bluu, nyuma ukuta wa tofali usiopigwa lipu. Ni picha ileile aliyonitumia mimi mwezi uliopita. Ukitumiwa, mwambie unakuja mchana na afisa mifugo, ulipe baada ya kuku kukaguliwa. Mimi nilimtumia ujumbe huo kwa simu ya mdogo wangu, alisoma, akatublock.