Nati ya loki imegoma: ununue nini kwanza

Gari nyingi za mtumba kutoka Japani hushuka bandarini Dar es Salaam au Mombasa zikiwa na nati nne ambazo mnunuzi hana habari nazo. Ni moja kila tairi, na uso wake si wa kawaida: una umbo la ua, au nyota iliyopinda, au ni duara tupu lisilo na kona ya kushikia. Wili spana inateleza tu. Hizo ni nati za loki. Mwenye gari wa kwanza alizifunga asiibiwe rimu, na ufunguo wake, kidude cha chuma kama soketi fupi, mara nyingi umebaki hukohuko au umepotelea njiani. Siku ya pancha ndiyo siku ya kujua.

Mimi nilijulia Chalinze, saa mbili usiku, Harrier iko kando ya barabara na mke wangu kashika tochi ya simu. Nati nne zilitoka bila ubishi. Ya tano ikanitazama. Kijana wa pancha akaja na tindo na nyundo, akaipigapiga nati kwa pembeni mpaka ikazunguka. Ilitoka kweli, lakini aliniachia makovu matatu kwenye spoti rimu, na kila nikiosha gari nayakuta. Tangu hapo nimenunua vifaa, nimeazima, vingine nimevivunja. Kwa hiyo mpangilio wa hapa chini ni wa mtu aliyeshaumia.

Kabla hujatoa hela, piga magoti uiangalie nati yenyewe. Jaribu kuizungusha kwa bisibisi au koleo upande wa nje. Kama ganda la nje linazunguka bure huku nati imetulia, ujue ina pete inayoteleza, na kila kifaa kinachong'ata kwa nje kitazunguka nayo mpaka kesho. Halafu angalia shimo la rimu: kati ya nati na ukuta wa shimo pana nafasi gani? Kwenye rimu nyingi soketi yenye ukuta mnene haipiti kabisa, na watu hurudi dukani mara mbili kwa sababu hiyo tu.

Namba moja kwangu ni soketi ya meno ya kupinda, ile wanayoiuza kama soketi ya kutolea nati zilizolika. Ndani ina meno kama hesi, yamepindia upande wa kufungulia, kwa hiyo kadiri unavyozungusha kushoto ndivyo inavyozidi kuuma. Irwin na Laser wanatengeneza nzuri. Za Kichina zisizo na jina zimejaa maduka ya vifaa Kariakoo, na si zote mbaya. Mimi hununua zilizopigwa chapa ya CrMo, chuma kinachovumilia kipigo, kuliko zile za kung'aa za CrV, ambazo ni ngumu lakini hupasuka kirahisi zikipigwa nyundo. Ukiweza, chukua seti yenye saizi tatu au nne kati ya milimita 17 na 22, maana hujui nati yako ni ya namba ngapi mpaka uipime. Ikiingia kwa kidole, ni kubwa mno. Inayofaa ni ile inayokataa kidogo, ukaipigilia kwa nyundo ya kilo moja mpaka sauti ibadilike kutoka ya kugonga hewa kuwa ya chuma kimoja. Hapo weka mpini mrefu na uvute polepole, pumzi moja, bila kurusharusha. Nati ikinasa ndani ya soketi, na itanasa, ibane kwenye jiliwa, zungusha soketi kulia, au igonge kwa msumari mnene kupitia tundu la mraba la nyuma.

Kuna kosa nililofanya Chalinze ambalo ningeomba usilirudie. Nilifungua nati nne za kawaida kwanza, nikaiacha ya loki mwisho. Zile nne zikilegea, mzigo wote wa kuibana rimu unaiangukia hiyo moja, rimu inajivuta upande, na nati inakaza kuliko ilivyokuwa. Ukishafika hapo, rudisha zile nne, zikaze vizuri tairi likiwa limekanyaga chini, ndipo uirudie ya loki. Mara kadhaa nimeona nati iliyokuwa imegoma kabisa ikikubali kwa hilo tu, bila kununua kitu.

Namba mbili ni ufunguo wake halali. Ungekuwa namba moja kama ungepatikana usiku barabarani. Inua zulia la buti, chungulia chini ya tairi la spea, ndani ya mfuko wa jeki, kwenye droo ya dashibodi. Wajapani huuweka kwenye kijifuko cha nailoni kisichovutia macho, na waosha magari hukitupa wakidhani ni takataka. Ukibahatika utakuta na kadi yenye namba. McGard wa Marekani, ambao nati zao utazikuta hata kwenye Toyota, hutoa ufunguo mwingine kwa kufuata namba hiyo. Bila kadi, nenda kwa wauza matairi wa siku nyingi. Ninayemwendea mimi ana kopo la maziwa ya unga limejaa funguo yatima zilizosahauliwa na wateja. Anamwaga mezani, anajaribu moja moja kama mtu anayetafuta kifungo cha shati, na mara mbili nimemwona akipata. Ukishaupata, usikubali fundi auwekee mashine ya upepo. Vile vijimeno ni vyembamba, vinavunjika kwa kishindo kimoja, na hapo unarudi namba moja ukiwa na nati mbovu zaidi.

Ya tatu ni njia ya mwenye hela kidogo: soketi ya kawaida yenye kona 12, unayoitoa kafara. Chagua iliyo ndogo kidogo kuliko nati, ipigilie mpaka kona zake zijichonge kwenye chuma, kisha fungua. Hufanya kazi vizuri kwenye nati za umbo la ua. Kwenye duara tupu lililo laini hubahatisha. Vaa miwani, kwa sababu soketi ya bei ya chini ikipasuka hurusha kipande, na usitegemee kuitumia tena kwa kazi nyingine.

Seti kubwa za funguo, zile za sanduku lenye vichwa 20 hivi, nazipa nafasi ya nne na kwa wachache tu. Kila seti ni ya kampuni moja: ya Volkswagen na Audi peke yake, ya BMW peke yake, ya Mercedes peke yake. Mwenye gereji ya magari ya Kijerumani anaihitaji. Mwenye Toyota Rumion moja hana la kufanya nayo, hata muuzaji akisema inafungua gari zote.

Nafasi ya tano si ya kununua kifaa bali ya kumlipa fundi wa kuchomelea. Anachukua nati ya kawaida, anaichomelea juu ya ile ya loki, kisha anafungua kwa spana ya kawaida. Joto nalo hulegeza kutu, na hata nati zenye pete inayoteleza hushindwa hapa baada ya pete kuvunjwa. Ila simama umwangalie. Tairi litolewe upepo wote, kipini cha ndani cha valvu kikiwa nje, kwa sababu tairi lililojaa upepo likipashwa moto linaweza kulipuka na kuua. Waya hasi wa betri ufunguliwe. Koleo la ardhi la mashine libanwe karibu kabisa na nati, lisiwekwe kwenye bodi ya gari, umeme usije ukapita kwenye beringi. Na rimu ifunikwe kwa kitambaa kilicholowa, maana aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 tu, mapema mno kuliko chuma. Fundi anayecheka ukimwambia hayo, mwache.

Tindo na drili ni mwisho wa orodha. Nati za loki zimekomazwa, biti ya kawaida inateleza juu yake na kuwa butu. Utahitaji biti ya kobalti na mchana mzima. Kuhusu tindo, nimeshasema habari za makovu.

Nati ikishatoka, usinunue nyingine kwa kuangalia sura. Toyota, Honda, Mazda na Mitsubishi nyingi ndogo hutumia hesi ya 12 kwa 1.5, yaani unene wa milimita 12 na milimita 1.5 kutoka jino hadi jino, ilhali Nissan, Subaru na Suzuki ni 12 kwa 1.25. Kwa macho zinafanana. Ukiilazimisha isiyo yake kwa spana inaingia, lakini stadi, ile boliti ya habu inayoshika nati, ndiyo imeshakufa. Kila nati izungushwe kwa vidole mpaka ifike chini. Angalia na kikalio chake: zipo za koni, Honda wana za mviringo kama tufe, na Toyota nyingi zenye rimu za kiwandani hukaa kwa washa bapa. Kuchanganya hivyo ndiko kunakofanya tairi lilegee njiani.

Je, ununue loki mpya? Kama rimu ni za bei kubwa na gari hulala nje, nunua za jina, uufunge ufunguo ndani ya mfuko wa jeki. Wengine wote, mimi nasema nati za kawaida. Kwa wezi wa mtaani kwetu, saiti mira ndiyo bidhaa.

Na zikazwe kwa kipimo. Toyota ndogo nyingi zinataka nyutoni-mita 103, ambayo ni kama kuning'iniza mfuko wa kilo 20 na ushee kwenye mpini wa nusu mita. Kijana wa kilo 70 anayesimama juu ya bomba la mita moja anatia karibu mara saba ya hiyo, na hapo ndipo nati nyingi zinazogoma zilipozaliwa. Stadi usizipake mafuta, zinakaza kupita kiasi bila wewe kujua. Zikague tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kama gari lako bado halijapakiwa melini, mwandikie muuzaji wa Japani leo akupigie picha ya kila tairi na picha ya ufunguo ukiwa mkononi mwake. Akisema haupo, mwombe azitoe nati hizo hukohuko na kufunga za kawaida. Kwake ni kazi ya dakika kumi.